Kazi Zimerudi

Jumatatu, 4 Machi 1985

Ubao wa matangazo nje ya ofisi ya kazi umejaa. Mwaka jana, ukame ulipokaza, ulikuwa na karatasi moja tu – ya punda aliyepotea! Leo wanatafutwa wapakizi, wapishi, walinzi, makarani wa stoo. Umulkheir, fundi cherehani wa jirani, huwasomea wasiojua kusoma. Akanicheka: mzee Kithinji, kila Jumatatu unasoma na kazi hutaki?

Nimempigia simu mhariri wa gazeti letu, Nairobi, kutoka posta. Amefurahi. Anataka habari fupi: Isiolo inasimama tena.

Ijumaa, 8 Machi

Gazeti limefika na basi la mchana. "Kazi Zimerudi Isiolo." Hawakugusa neno.

Galma amekuja nalo mkononi. Ng'ombe wake wote walikufa Merti. Sasa ni mpakizi kwenye stoo ya chakula cha msaada. Umulkheir amemsomea. Shemeji yake anamtaka arudi kuchunga ngamia waliobaki, na akikaa huko atapewa ndama. Akauliza: hii kazi ya hapa itakaa, mzee? Nikasema idadi ya matangazo inapanda tangu Januari.

Idadi! Akasema basi, ataleta mama watoto.

Jumatatu, 25 Machi

Nimesoma ubao upya, safari hii nikitazama anayeajiri ni nani. Karibu zote ni za chakula cha msaada. Hakuna bucha, hakuna mwenye lori, hakuna mnunuzi wa mifugo. Nilikuwa nahesabu njaa.

Nimemweleza mhariri. Amesema hiyo imeshapita, nitafute nyingine.

Galma sikumweleza. Qabale, mkewe, aliteremka kwenye lori jana na watoto. Nilipopita alikuwa anapanga sufuria zake kwenye chumba walichokodi, jirani na kwangu. Nikasalimia, nikaendelea.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua! Tangu juzi. Watu wanapeana mikono barabarani. Nami nimefurahi, kiasi.

Jumatatu, 6 Mei

Ubao mtupu. Stoo inafungwa, wapakizi wameachishwa kazi leo. Umulkheir anasema ngamia wa shemeji yake Galma wameshapata mchungaji mwingine, kijana anaitwa Dabaso.

Jioni Galma amekuja. Nilijiandaa kutukanwa. Salaam aleikum, akakaa barazani. Nikamwambia nilikosea; zile kazi zilikuwa za ukame, na ilinipasa kukwambia mapema.

Akatikisa kichwa. Hapana mzee, wewe hukukosea. Uliandika, kazi ikajaa. Sasa umenyamaza miezi miwili – ona, imeisha. Andika tena.

Nikasema gazeti halileti kazi. Akatabasamu, kama mtu sokoni aliyetajiwa bei ya kwanza.

"Watu wa Nairobi walisikia wewe ile mara. Andika tu. Mimi nangoja."

Mhariri hataichapa habari ile tena. Na nikiipiga taipu hapa ili kumridhisha Galma tu, nitakuwa nadanganya mara ya pili, sasa nikijua.

Nimemwacha barazani, nimeingia ndani. Qabale amemletea chai. Na mimi amenimiminia kikombe, ameniletea hadi mezani, ameangalia taipureta, akatoka. Nimeweka karatasi. Nimegonga tarehe, basi. Haya naandika kwa kalamu.

Galma ameita dirishani: mzee, mbona mashine imenyamaza?