Uso Ndani ya Plazma

Mwenzangu, uko wapi? Soma hii halafu unipigie.

Unakumbuka ile TV ya plazma niliyonunua kwa mama mshonaji, yule aliyefiwa na mume? Sauti yake nilishakwambia, kama mtu anaongea ndani ya pipa. Lakini picha sina neno nayo, nyeusi yake ni nyeusi kweli.

Leo mchana nimeweka chaneli isiyoshika, kioo kikawa cheupe tupu. Ndani yake kuna uso. Mwanamume, ana kofia na tai. Nimefuta na kitambaa weee, uso uko palepale.

Fundi wa TV kanicheka. Anasema plazma ukiiachia picha moja muda mrefu, inaungulia kwenye kioo.

Nikampigia mama mshonaji. Nikamweleza kuna uso kwenye kioo. Halafu akauliza taratibu, "Ana kofia?"

Ana kofia, nikamwambia.

Kumbe tangu amzike mumewe alikuwa anaweka picha yake kwenye TV, asubuhi hadi jioni, yeye anashona. "Nilijua nimemtoa kabla sijaiuza," akasema. "Naomba nije nimwone."

Ningemkataliaje?

Sasa yuko sebuleni kwangu. Kaja na gauni la kupinda pindo. Kaniomba nizime sauti.

Mimi nimejibanza jikoni nakuandikia. Anaongea naye, mwenzangu. Kuongea si neno, hata mimi ningeongea.

Ila anamuuliza kitu, ananyamaza kama anasikiliza, halafu anasema, "Haya, nitamwambia."

Na humu ndani wa kuambiwa ni mimi tu.