Midomo Yako Saa Nne

Kamenu, Thika
Jumapili, Agosti 1996

Wanjiru wangu,

Leo ni wiki ya tatu tangu tukuzike Mugutha, nyuma ya nyumba ya cucu, bibi yako. Wanawake wa kanisani wakimwita kwa jina lenu, lile ulilorithi kwake, anageuza uso. Baba yako amerudi kazini. Mimi nilifua nguo zako, nikazianika, nikashindwa kuzianua. Zimenyeshewa mara mbili.

Nimefungua shajara yangu. Kuna jambo sijamwambia mtu.

Unajua njia ya damu ya kwenda mapafuni mwako ilikuwa nyembamba. Daktari wa moyo alisema kuna namna mbili za kukushikilia hadi ukue utengenezwe vizuri. Wakupasue ubavuni, wakuwekee mrija mdogo wa kupitisha damu. Lakini si watoto wote wa miezi minne hutoka salama. Au tungoje madaktari wageni wa mwezi wa tisa, wapitishe waya kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, wapanue pale panapobana kwa puto dogo. Bila kisu.

"Akitulia tutangoja puto. Akianza kugeuka bluu, tunapasua mara moja. Mama Wanjiru, wewe ndiwe macho yangu. Andika rangi ya midomo yake kila siku."

Nikaandika katika shajara hii. Kila siku saa moja asubuhi, ukishanyonya na kulala. Midomo: sawa. Midomo: sawa. Kurasa nzima.

Lakini saa nne, nikikuogesha, ulikuwa unalia mpaka midomo inakuwa zambarau. Nilikukunja magoti kifuani kama nilivyofundishwa, ukarudi. Cucu alikutania, "Wanjiru mwenzangu, wacha kelele! Watu watasema sisi wenye jina hili ni wagomvi." Tukacheka, kwa sababu ulikuwa umerudi.

Sikuandika. Nilijiambia saa ya kuandika ni saa moja, na mambo yafuate utaratibu. Uongo, mwanangu. Niliogopa kisu.

Daktari alisoma kurasa zangu, akanisifu. "Kazi safi, mama. Tungoje puto."

Jumatano ile, saa nne, nilikukunja magoti. Nikakukunja tena. Maji ya beseni yalikuwa bado moto.

Labda hata kwa upasuaji ungeondoka. Labda ungekuwa hapa unanilowesha. Nimeketi na kalamu na sina la kufanya na hilo labda. Hakuna ukurasa wake.

Jana, chini ya kila "sawa", niliandika kwa wino mwekundu niliyoyaona saa nne, siku zote ninazozikumbuka. Kliniki kuna mama wa Ruiru, mtoto wake anangoja puto hilohilo, naye amepewa daftari la kuandika midomo.

Kwaheri, Wanjiru. Nguo nitazianua leo. Kesho nitakwenda kliniki na shajara, nikae mbele ya daktari na yule mama akiwapo, na nakuahidi sitanyamaza. Nitawaambia ulilia.

Mama yako