Tope la Magadi

Nakuru, wakati wa kiangazi

Kwa Mama Timotheo, mke wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku mbali. Je, kifua cha mama kimepoa? Timotheo anakwenda shule? Mimi ni hai, ila usishtuke kuona mwandiko si wangu. Mimi nasema, na Barnaba, mwenzangu wa kazi, anaandika.

Unajua tunamchimbia yule Bwana mtaalamu tope la ziwani. Anasema ndani yake mna wadudu wadogo mno, hawaonekani kwa macho, na magadi hayawaui. Wanakula vinyesi vya heroe, wale ndege wekundu. Nguvu ya mbolea iliyomo wanaigeuza kuwa mvuke ule unaowasha pua, kisha wadudu wengine wanaigeuza tena, inapotea hewani. Nilipomwambia mahindi yetu yamekuwa manjano, alijibu, "Shamba lako limekosa nguvu hiyo hiyo. Mkeo apande maharagwe katikati, mizizi yake itairudisha." Nilifurahi kupata neno la kukuletea.

Lakini mwaka huu ziwa limekauka. Mwezi uliopita tulitembea mbali juu ya ganda jeupe la magadi kutafuta tope bichi. Ganda likapasuka, Barnaba akazama hadi kifuani.

"Zakaria, usiniache!"

Nililala kifudifudi, nikamrushia shati langu, nikavuta. Alipochomoka, tope liliniruka machoni, yote mawili, magadi yakayaunguza. Maji ya kunywa tulikuwa tumeyaacha garini. Barnaba alinishika mkono tukakimbia, nami nalia kama mtoto.

Hospitalini wameniosha macho siku nyingi. Jana daktari alifungua kitambaa, akauliza, "Unaona nini?" Nikamwuliza kama dirisha limefunguliwa. Akakifunga tena kitambaa.

Yule Bwana mtaalamu alikuja, akakaa kitandani pangu, akalia. Mke wangu, nitalimaje? Nitapalilia vipi bila kukata mahindi? Mara nyingine nawaza heri ningezama mimi, au ningemwacha Barnaba palepale. Barnaba ameacha kuandika hapo. Nimemwambia andika, ni kweli niliwaza hivyo, na nimetubu.

Nisalimie mama, na ndugu yangu Petro anayesomesha kanisani, na shangazi mfinyanzi. Timotheo umwambie wewe, pole pole.

Barnaba atanipandisha gari la moshi Ijumaa. Jumamosi nitashuka stesheni yetu ya Luanda. Usisimame kungoja nikutambue. Niite.

Mumeo,
Zakaria