Foleni ya Mawe pale Dikoni

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini nimejaribu kuanza bila shikamoo mara mbili na mkono umegoma.

Miezi minane sasa tangu tukuzike. Mama hajambo, miguu tu ndiyo inamsumbua. Bado anakumiminia chai asubuhi, kisha anainywa mwenyewe akijifanya alitaka vikombe viwili tangu mwanzo. Mwanao Hamisi hasemi na mie. Nitafika huko, usiniharakishe.

Kwanza nikwambie kwamba dikoni, pale tunapoegesha boti, unasikika. Ingekuwa usiku ningesema naota. Ni saa nane mchana, jua la kuchoma utosi, wavuvi wamejilaza chini ya maturubai, boti zimetulia. Nakuwa nimekaa ofisini kwako, mlango wazi, nasikia barazani jiwe linasogezwa kwenye saruji. Krr. Kimya. Halafu la pili, krr, vilevile ulivyokuwa unayapanga, bila haraka. Natoka mbio. Hakuna mtu, na mawe yako palepale. Mama Chausiku wa chapati naye kasikia. Kaniambia, "Mzee wako anapanga foleni, mwache afanye kazi yake," akacheka. Halafu akahamisha jiko lake akaliweka upande wa pili wa njia.

Na nguzo yako, ile ya sita, hakuna aliyethubutu kuifungia boti. Wakipita hapo wanashusha sauti. Mie mwenyewe nimeiona ile kamba yako ya zamani inakaza na kulegea, inakaza na kulegea, na hakuna kitu kilichofungwa. Wanasema ni maji. Haya, ni maji.

Baba, mie najua unatafuta nini pale barazani. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Wewe ulikuwaga mtu wa ajabu, wallahi. Nguzo ishirini ndani ya ukuta wa mawe, mali ya umma, na boti za watu wa Msasani zinazidi hizo. Mwenye nguzo ya ndani analala usingizi. Aliye nje ya ukuta, upepo ukivuma tu, anakurupuka kwenda kuangalia kama boti yake bado ipo. Kila mtu anataka ndani, na mwenye kuwapanga ulikuwa wewe. Ukakataa daftari. Ulisema, "Daftari lina mwenyewe. Jiwe liko barazani, hata mpita njia analiona." Basi kila anayesubiri akaleta jiwe lake, akalipaka alama yake, akaliweka nyuma ya la mwenzie. Nguzo ikiwa wazi, unainua jiwe la mbele, unaita jina, na mengine yanasogea. Mtu akifa, nguzo yake inasubiri arobaini ipite, halafu inakwenda kwa jiwe la mbele. Hairithiwi, hata na mtoto.

Na samaki wa mtu aliye kwenye foleni ulikuwa huli. Hata nyama ya Idi! Unakumbuka Mama alivyokasirika? "Tunakaa ufukweni tunakula maharage kama watu wa bara!" Ukamjibu, "Maharage hayajapanga foleni, mke wangu." Tulicheka mpaka Hamisi akapaliwa.

Sasa nisikilize.

Ile Idi ya mwaka uliponichukua niwe msaidizi wako, siku moja kabla, nilisafisha baraza. Hukunituma. Nilitaka tu watu wakija wakute pamenukia usafi, waache kunung'unika kwamba mzee kaleta mwanamke dikoni. Mawe nilikuta yana kinyesi cha kunguru na chumvi. Nikayatia yote kwenye ndoo, nikayapeleka nyumbani, nikayasugua kwa brashi. Yote manane. Nilipoyarudisha nikajikuta sina hakika na mawili ya mbele, la Bakari na la Selemani, yote yana mistari ya kijani. Nilisimama pale nikiwa nimeshika jiwe huku na jiwe huku. Halafu nikajisemea, aa, wote wawili si wako mbele tu? Nikaweka.

Baada ya wiki moja nguzo ya kumi na mbili ikawa wazi. Ukainua jiwe la mbele, ukaita Bakari. Selemani akasimama, kwa adabu tu, unamjua yule mtu alivyo mpole, akasema, "Mzee, jiwe langu ndilo lilikuwa mbele." Bakari akaangalia mchanga. Na wewe ukanigeukia mbele ya watu wote ukaniuliza, "Rehema, umeyagusa mawe?"

Nikasema sijayagusa.

Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya, Baba. Niliwaona wale wanaume wamenikodolea macho, nikaona ndiyo mwisho wangu dikoni, na neno likatoka. Ukaniamini. Ukamwambia Selemani, na ile sauti yako ikafika mpaka majini, "Usitake kuiba nafasi ya mwenzio." Mwizi. Ulimwita mwizi mbele ya wakwe zake. Akainama akachukua jiwe lake, akaondoka nalo, na foleni akajitoa.

Boti yake ikabaki nje ya ukuta. Masika ileile ikapigwa kwenye miamba ikawa kuni. Nilikuwepo asubuhi alipokuja kuokota mbao. Alinisalimia. Heri angenitukana, lakini alinisalimia, "Habari za asubuhi, dada Rehema," kisha akaendelea kuokota. Baadaye tukasikia yuko Chang'ombe, anachomelea madirisha kwenye karakana ya shemeji yake. Mvuvi mzima, mtoto wa bahari, anachomelea madirisha.

Na wewe ulipokuwa umelala pale kitandani, wiki ya mwisho, Mama katoka kwenda kuchota maji, ukaniuliza, "Rehema, una neno lolote na Selemani?" Nikasema, "Sina, Baba." Ukageuza uso ukutani. Nikajifariji kwamba umechoka.

Arobaini yako ikapita. Nikaitisha kikao kuhusu nguzo ya sita. Jiwe la mbele lilikuwa la Iddi, yule wa kina mama muuza pweza, kasubiri miaka miwili. Hamisi akasimama. Ana boti mpya ya kubeba wageni wa mahoteli ya Mbezi Beach, anataka pa kuiegesha, akasema nguzo ya baba ni ya nyumbani kwetu. Nikamwambia hairithiwi, hiyo ni sheria ya Baba mwenyewe. Akapandisha sauti. "Baba kakaa hapa maisha yake yote," akasema, "hajamwonea mtu hata mmoja. Mtajeni hata mmoja! Na haya ndiyo malipo yake?"

Watu wakaitikia, kweli, kweli, mzee hakuwahi kumwonea mtu. Wengine wakakuombea dua palepale.

Nikakaa chini kwenye mchanga, mtu mzima mie, katibu wa diko, nikasema, "Yupo mmoja." Nikawaambia yote: ndoo, brashi, mistari ya kijani, na kwamba uliniuliza nikakana. Nikawaambia mzee alidanganywa na mwanawe. Nililia, siwezi kukuficha, na si kilio cha heshima, ni kile cha kamasi.

Bakari alisema, taratibu, kwamba siku ile hata yeye alishangaa, lakini mtu akipewa kitu na Mzee Salumu hahoji. Iddi akajikuna kichwa, akasema, "Roho inaniuma, maana nimesubiri. Lakini mbele ni mbele. Nguzo ni ya kaka Sele." Hamisi aliondoka akaniambia nimekufukua kaburini. Tangu siku ile nikimpigia hapokei.

Nilidhani sasa utatulia. Wallahi nilidhani, basi, nimesema, Baba atapumzika na mie nitapumzika. Kesho yake saa nane mchana, krr. Kesho kutwa, krr. Nikasimama mlangoni nikakupigia kelele, mchana kweupe, "Si nimeshasema? Unataka nini tena?" Mama Chausiku akafunga jiko akaenda zake nyumbani, chapati zikiwa bado kwenye sinia.

Nikaona labda ni kwa sababu nimesema kwa watu wote isipokuwa mwenyewe. Nikaenda Chang'ombe.

Nilimkuta Selemani amevaa miwani ya kuchomelea, ameiinua hadi kwenye paji, nywele zimeingia mvi. Akanitafutia kigoda, akafuta vumbi kwa shati lake. Nikaanza kumwambia na nikawa sijafika hata kwenye ndoo, akanikata. "Najua, dada. Mzee aliniambia."

Nikamuuliza mzee gani.

Baba. Ulikwenda kwake. Miezi miwili tu baada ya boti kuvunjika, ulikwenda Chang'ombe na kofia yako ya Ijumaa, ukakaa kwenye kigoda kilekile labda nilichokalia mie. Ulimwambia kwamba uliikuta ile brashi uani, manyoya yake yana rangi ya kijani. Ulimwomba radhi, ukamshika mikono. Halafu ukamwomba jambo la pili: asiseme kwa mtu. "Mwanangu atasema mwenyewe," ulimwambia. "Nipe muda, atasema." Na yule bwana, kwa heshima yako, akakupa muda. Akakupa miaka minne.

Nilirudi nyumbani sijui nilipita wapi. Nimejilaza siku tatu, Mama anadhani nimepata malaria.

Kwa hiyo pale kitandani ulikuwa unajua. Ulikuwa umenifungulia mlango, na mie nikakufungia usoni. Hilo nitakufa nalo na sitaki mtu anibembeleze. Kila nikifumba macho naona ule mgongo wako umegeukia ukuta. Ulikuwa hujachoka. Ulikuwa unaningoja, ukaona sitakuja, ukaenda zako.

Lakini nimekukasirikia pia, na nitasema, maana ulinifundisha kusema na nikachelewa kujifunza. Wewe uliyekataa nyama ya Idi! Uliyemnyima nguzo ndugu yako wa damu, baba mdogo Athumani, mpaka akahamia Kigamboni! Siku zote zile hukupendelea mtu, na siku ulipopendelea ukanipendelea mie, na gharama yake akaibeba mtu mwingine. Ulimwita mwizi mbele ya watu, ukaenda kumwomba radhi faraghani. Kwa nini hukumrudishia heshima palepale ulipomvunjia? Ulikuwa unanisubiri nikue? Nilikuwa na miaka thelathini na sita, Baba. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuaibika. Ungeniaibisha! Ningelia, wangenicheka, wangenifukuza dikoni, ningeuza maandazi, na Selemani angekuwa na boti yake.

Nakupenda. Nimekukasirikia. Vyote viwili vinakaa kwenye kifua kimoja na hakuna kinachompisha mwenzie.

Nilimuuliza Selemani kama atarudi. Akasema yeye na shemeji yake wamenunua boti kuukuu, wanaikarabati, labda. Sikumwona akifurahi. Nikamuuliza kuna nini. Akazunguka sana, unajua asivyopenda kumsema mtu, mwisho akasema, "Huko dikoni wamesikia mzee alidanganywa. Ni vizuri. Lakini mie nimelala miaka minne na jina la mwizi, na aliyenipa alikuwa anajua si langu. Hilo halijasemwa. Wala sikuambii uliseme, dada. Ni baba yako." Akashusha miwani akarudi kwenye dirisha lake, cheche zikaruka.

Tangu hapo najibishana na wewe, humo humo ndani ya kichwa. Hamisi hajui bado. Mama hajui. Pale dikoni wanataka kupaka jina lako kwenye ukuta wa ofisi, wameshanunua na rangi, Bakari kachangisha. Wakikutaja wanasema, mzee aliyekuwa hajui kupendelea. Nikinyamaza, hakuna atakayejua hata siku moja. Selemani hatasema, na wewe umelala. Ni mie tu. Mara ya kwanza nilinyamaza kwa kujiogopea mie mwenyewe, na sasa nataka kunyamaza kwa kukupenda wewe, na kwa Selemani yote mawili ni kitu kimoja, Baba. Anaamka asubuhi ileile, na jina lilelile la mwizi.

Basi nakuahidi, na kwa ahadi hii kwanza utanichukia. Jumamosi baada ya alasiri kuna kikao cha kumkabidhi Selemani nguzo ya sita. Mama nitamwambia Ijumaa, nikiwa nimemshika mkono. Hamisi nitamfuata kwake, akifunga mlango nitasema nikiwa nje. Na Jumamosi nitasimama, safari hii sikai chini, nitawaambia watu wote: Baba alijua. Alijua akanyamaza, kwa sababu yangu. Wakitaka kupaka jina lako baada ya hapo, wapake. Wasipotaka, nitairudisha ile rangi dukani mwenyewe.

Lala, Baba. Mungu akurehemu na akusamehe, hata hili.

Mwanao uliyemficha,
Rehema