Mstari Uliopita Uani Kwetu

Jumatatu, 5 Mei
Wewe bibi, najisema mwenyewe, ulipotelea wapi? Tangu Shaabani hujalifungua daftari hili, na macho unayo. Mvivu. Haya, kaa uandike.

Nimechambua mchele. Nimempelekea mdogo wangu Rukia uji chumbani mwake cha uani. Yumo edani, mwezi wa pili tangu afiwe na mumewe. Mwanamume awezaye kumwoa, asiye maharimu yake, hafai kumwona.

Mjukuu wangu Salma kaja kutoka Ganjoni na simu. Ndani mna ramani ya mji, na yeyote aweza kuichora. Yeyote! Hata mimi niliyesomea madrasa tu, nisiyeuona mlango wa skuli. Ujia wetu haukuwamo, ule tupitao wanawake tukitoka Ndia Kuu, tukikatia uani hadi nyumba ya nyuma. Nikapitisha kidole. Mstari ukakaa. Rahisi kuliko kukuna nazi.

Alhamisi, 8 Mei
Mwanamume kaingia uani na mzigo wa kupelekea watu, simu mkononi. Rukia alikuwa akianika nguo. Kajificha nyuma ya shuka. Nikamfokea yule mtu.

"Mama, ramani yanambia hii ni njia."

Ni mimi. Mkono wangu huu. Rukia hakunilaumu, na hilo ndilo laniuma. Hatoki tena chumbani.

Ijumaa, 9 Mei
Salma kaja. Tumeufuta. Kidole kimoja, basi.

Jumapili, 11 Mei
Mstari umerudi! Watalii wawili, mpaka mlangoni pa Rukia. Nikamwambia Salma ni jini.

"Jini gani, Nyanya! Kuna mtu kaurudisha."

Akanifungulia nyuma ya ramani. Subhanallah. Mimi nikidhani ni karatasi tu. Kumbe kila mstari unakumbuka nani kauchora, nani kaufuta, saa ngapi, kwa sababu gani. Wangu ulikuwa umeshaungwa na wa jirani, wa jirani na ngazi za kushukia pwani. Watu nisiowajua wameshauandikia upana wake na vidato vyake. Mmoja yuko nchi za baridi huko. Kufuta kwangu kulikata njia ya watu. Yeye ndiye kaurudisha, kwa nia njema, akidhani nimekosea.

Mikono mingi hivyo juu ya kijistari kimoja, na hawajaonana.

Salma kasema hatufuti tena, tunawaeleza. Nikasema, akaandika: ujia upo, lakini ni wa wenyewe, hapana ruhusa kwa wageni. Alitaka kutaja eda. Nikamkataza. Hiyo si ya kujulishwa dunia.

Jumatano, 14 Mei
Yule wa baridi kajibu. Ataka radhi. Kauwekea mstari alama mwenyewe, simu zisiwapitishe watu kwetu. Mtu ataka radhi kwa ua asioujua! Jina lake silijui kulitamka. Nimemwombea hivyo hivyo, Mungu amjua.

Jumamosi, 17 Mei
Siku tatu, hakuna mgeni. Leo Rukia katoka. Kakaa juani, kachana nywele, polepole.

Ukirudi hapa, bibi, uandike kwanza Rukia kaamkaje. Mengine baadaye.