Mama, Nywele Zimeota

Mashamba ya Ngano, Hanang
Jumapili, mwezi wa nane

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Na shikamoo nyingine kwa miezi yote niliyokaa kimya. Naomba barua hii ikukute umekaa jikoni kwako karibu na moto, goti limeacha kukusumbua, na baridi ya huko juu imepungua. Vipi yule ng'ombe mwekundu, amezaa? Na mahindi ya kule bondeni, mmeyapata au nguruwe wamewatangulia? Mimi nakula, nalala, nafanya kazi.

Wifi Martina, wewe unayemsomea Mama, nakusalimu sana. Soma polepole na usiruke maneno hata ukiona aibu. Mama akilia, mwache amalize, halafu uendelee.

Mama, najua umemtuma dereva wa lori la Dongobesh mara mbili aniulize kwa nini siandiki. Nilimjibu kazi ni nyingi. Nilimdanganya. Sababu ilikuwa kichwa changu.

Habari ya kufariki kwa Baba ilinifikia siku ya tisa, mmeshazika. Nilikwenda kwa msimamizi wa kantini kuomba ruhusa. Ulikuwa wakati wa kupanda, trekta zinalima kutwa, na wa kula ni wengi. Akaniambia, "Pole sana Veronika. Lakini si wameshamzika? Sasa ukienda utafanya nini? Subiri tumalize kupanda." Nikarudi kwenye sufuria. Nilisonga ugali siku ile kama siku nyingine zote. Sikulia, Mama. Sijui kwa nini, machozi yalikataa tu. Na kupanda kulipokwisha, mvua zilikuwa zimekata barabara.

Wiki ya kabla ya Pasaka, Halima alikuwa ananisuka. Halima ni binti wa wafanyabiashara wa Katesh, anatunza stoo ya kantini na tunakaa chumba kimoja. Alikuwa anaongea, mara akasimamisha vidole. Akaniuliza, "Veronika, huku nyuma uliungua lini?"

"Niungue na nini?"

"Pana mahali hapana nywele. Pameteleza kama yai."

Akashika kidole changu akakiweka pale. Palikuwa padogo, kama kisoda. Hapaumi, hapawashi. Nilicheka nikasema labda amenisuka kwa nguvu. Lakini baada ya wiki mbili kulikuwa na doa jingine juu ya sikio, halafu la tatu huku mbele, na nyusi ya kushoto ikabaki nusu. Asubuhi nilikuwa nakuta nywele kwenye mto. Nilizikusanya nikazichoma, kwa sababu nilikumbuka ulivyotufundisha tusiziache ovyo.

Nilikwenda zahanati. Daktari akasema ni mapunye, akanipa dawa ya zambarau. Nilitembea na madoa ya zambarau kichwani mpaka ikaisha, na nywele zikaendelea kutoka. Niliporudi alinishika kichwa vizuri zaidi, akasema, "Dada, nilikosea. Haya si mapunye. Wengine nywele zao hurudi zenyewe, wengine hazirudi. Dawa ya hii sina." Nilimshukuru kwa kusema kweli, nikarudi kambini.

Basi kila mtu akawa mganga wangu. Halima alisema bibi yake hutumia kitunguu. Kila asubuhi alikuwa anakata kitunguu na kunisugulia maji yake, mimi natokwa machozi na yeye pia, mpaka chumba chote kinanuka. Wiki tatu, wapi. Mama mmoja wa karakana akaniambia nipake mafuta ya taa. Nikapaka, Mama, usinigombeze. Ngozi ilitoka malengelenge, nikashindwa kuvaa kitambaa siku nne.

Na zile siku nne ndizo zilizoniharibia, maana watu waliona. Dereva mmoja wa kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano, akakuta unywele kwenye maharage. Ulikuwa mfupi, huenda ni wa ndevu zake mwenyewe. Akaweka sahani chini akasimama. "Mimi sili chakula cha mgonjwa," akasema, na wengine wakasukuma sahani zao pia. Kuna aliyesema nimefanyiwa uchawi. Kuna aliyesema mtu hapati hivyo bure, lazima nimefanya kitu. Msimamizi akaniita pembeni, akasema sifukuzwi, ila kwa sasa niwe nje, nioshe masufuria na kupasua kuni. Nilisema ndiyo, bwana. Sikubisha hata neno moja. Hata kanisani nilianza kukaa nyuma karibu na mlango, nitoke kabla watu hawajasalimiana.

Sasa nataka nikuambie habari za mama mmoja anayeitwa Udamasi.

Ni mfugaji, Mbarbaig. Alikuwa analeta maziwa ya kantini asubuhi kwa vibuyu, yeye na punda wake. Mama, unajua tulivyolelewa. Babu alitusimulia habari za watu wale na ng'ombe wetu walioibiwa, tukawa tukisikia jina lao tunakimbilia ndani. Miaka miwili nilikuwa napokea maziwa yake na sijawahi kumuuliza jina. Asubuhi ile nilikuwa nje nasugua sufuria, upepo ukachukua kitambaa changu. Nikajifunika kwa mikono yenye masizi. Udamasi akaweka kibuyu chini, akazunguka nyuma yangu, akaondoa mikono yangu, akaanza kupapasa kichwa polepole, doa moja moja. Hakuna mtu aliyekuwa amenigusa bila kuogopa tangu Pasaka, isipokuwa Halima.

Kiswahili chake ni kidogo. Akaniuliza, "Nani amekufa kwako?"

Nilishtuka. "Baba yangu."

"Ulinyoa kichwa, kwa msiba?"

"Sikunyoa. Sikuwepo."

Akaguna. "Nywele imeogopa," akasema. "Haijui ikae au iende. Toa yote. Ianze pamoja."

Kesho yake alikuja mapema na wembe mpya. Alinikalisha nyuma ya stoo ya kuni, akalowanisha kichwa changu kwa maziwa, akaanza kunyoa. Wembe ulipofika katikati ya kichwa nikaanza kulia. Mama, nililia kilio cha Baba pale, kile nilichokosa kulia na ninyi. Nilimwita Baba kwa jina lake. Udamasi akasimamisha wembe. Hakuniambia nyamaza, hakuniambia pole. Alisubiri tu, mkono wake juu ya kichwa changu, na nilipotulia akaendelea mpaka akamaliza.

Dawa yake ilikuwa siagi anayoitikisa mwenyewe kwenye kibuyu, amechanganya na utomvu wa shubiri. Inanuka moshi na inachuruzika mpaka shingoni. Kila asubuhi, akishapimiwa maziwa, ananipaka. Siku moja niliiba muda nikajipaka kabla hajafika, akanusa kichwa changu akajua. "Mkono wako una haraka," akasema, akanipaka tena. Hatukuwa na maneno mengi. Alijua jina langu, akawa ananiita Veroo. Alinionyesha kwa vidole kwamba amezaa saba, wanaoishi ni wanne.

Ilipita wiki ya sita, nikaona hakuna kitu nikataka kuacha. Jumapili moja Halima akanishika kichwa kwenye jua akapiga kelele, "Zimeota! Veronika, zimeota, wallahi!" Vilikuwa vinyweleo kama vya kifaranga, vyeupe, vyeupe kabisa kama vya mzee. Nyusi pia ilikuwa inarudi. Nilipiga magoti pale pale mlangoni. Kesho yake Udamasi alipoviona hakushangaa. Alivigusa kwa kidole kimoja akasema, "Polepole."

Hapo ndipo ng'ombe walipoingia kwenye ngano.

Hawakuwa ng'ombe wake peke yake. Njia ya wafugaji ya kwenda majini inapita katikati ya mashamba haya, ilikuwepo kabla ya ngano. Ngano ilikuwa imeshachanua, ikakanyagwa eneo kubwa. Likatolewa tangazo kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mfugaji kupita ndani ya shamba, wala na mifugo wala na maziwa. Askari wa shamba wakaswaga ng'ombe waliowakuta njiani, na ndama, wakawafungia nyuma ya karakana. Kati yao walikuwemo wa Udamasi.

Alinijia pale kwenye masufuria bila kibuyu na bila punda. Sijui alipitaje. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Akaniambia, "Wewe uko ndani. Sema nao. Ndama hawajanyonya."

Mama, mimi niko ndani ya nini? Mimi naosha masufuria. Lakini nilinawa mikono, nikavua aproni, nikaenda mpaka ofisi ya meneja wa shamba. Nilisimama mlangoni mpaka akanyanyua macho. Nikamwambia yule mama ni mtu mwema, ndiye aliyenitibu, na ndama watakufa. Alinisikiliza mpaka mwisho, siwezi kusema alinitukana. Akasema, "Veronika, amri hii sikuitunga mimi, nami nimeletewa. Nikimfungulia mmoja, kesho wako mia moja. Nenda kaendelee na kazi."

Nikasema ndiyo, bwana. Ile ile ndiyo, bwana.

Udamasi alikuwa bado amesimama pale nilipomwacha, hajakaa. Nikamwambia wamekataa. Akasema, "Ee." Kisha akatoa kwenye ngozi aliyojifunga bonge la siagi lililofungwa kwenye jani, akaniwekea mkononi. "Paka mwenyewe," akasema. Akaondoka kwa njia ya nyuma, wima kama anavyotembea siku zote. Niliinua mkono, lakini hakugeuka.

Ng'ombe waliachiwa siku ya nne. Ndama wawili walikuwa wamekufa. Nilikuwa nawasikia wakilia mchana kutwa huku nikiosha, na wale askari waliowafungia, sahani zao ni mimi niliyekuwa nazisugua. Sikufanya lolote, Mama. Nilifikiria kwenda kufungua lile boma. Nilifika mpaka kwenye kona ya karakana, nikaona mlinzi, nikarudi.

Sasa nywele zimejaa. Zile nyeupe nyingi zimegeuka nyeusi, imebaki sehemu moja tu huku nyuma, upana wa kidole gumba, nyeupe kama pamba. Msimamizi amenirudisha jikoni. Yule dereva wa kombaini anakula na kuongeza. Daktari anasema zimerudi zenyewe kama alivyosema. Halima anasema ni vitunguu, vilichelewa tu kufanya kazi. Katekista wa hapa anasema ni sala. Mimi sijui. Nikikaa peke yangu nadhani ni ule wembe na ile mikono, lakini siwezi kuapa.

Na kuna jambo jingine ambalo nilitaka nisikuandikie. Juma lililopita niligusa nyuma ya sikio la kulia, nikakuta doa jipya, dogo. Siagi ya Udamasi imekwisha. Nilijaribu kutengeneza yangu kwa maziwa mengine, ikaoza. Napaka shubiri peke yake. Kila asubuhi kabla ya kufanya ishara ya msalaba naligusa kwanza kuona kama limekua, na sijui nitafanya nini likikua.

Nimewauliza wafugaji wanaopita barabara kubwa. Mmoja alisema ile familia imeteremka Yaeda Chini. Mwingine akasema hapana, wako upande wa Getanuwas kwa ndugu za mume. Kaka Petro akienda mnadani Dongobesh, nakuomba umwambie awaulize Wabarbaig atakaowakuta. Ni mrefu, ana pengo la jino la chini, na mkono wa kushoto ana kovu la moto. Akimpata, amwambie tu kwamba Veroo nywele zimeota. Asimwombe dawa.

Msimamizi ameandika jina langu kwenye orodha ya likizo baada ya kuvuna. Aliandika pia mwaka jana na likafutwa, kwa hiyo usinichinjie kitu mpaka unisalimu kwa mkono wako. Nikija, kabla sijaingia ndani nipeleke kwanza alipo Baba.

Nisalimie kaka Petro, na watoto wake wote kwa majina. Nisalimie shangazi aliyenisimamia ubatizo, mwambie bado nina rozari yake. Nisalimie mzee jirani aliyechimba kaburi la Baba, mwambie nimesikia alichimba peke yake mpaka jioni na sitasahau. Wifi Martina, asante kwa macho yako na sauti yako.

Nilikuwa nimefunga barua hii, nikaifungua tena. Sasa hivi amekuja mke wa fundi mmoja wa karakana, hatujawahi hata kusalimiana. Ameingia, amefunga mlango, amevua kanga kichwani. Madoa matano, Mama, makubwa kuliko yangu. Akaniambia, "Wamesema wewe ulipona. Nipeleke kwa aliyekutibu." Nikamwambia sijui aliko. Akadhani namnyima. Akanishika mkono akaniomba kwa jina la mama yangu, nami nikawa narudia tu, sijui, dada, sijui aliko. Amefunga kanga yake ameondoka, na mimi ndiyo nimerudi kuandika.

Ni mimi binti yako,
Veronika