Shuka ya Maganga kwenye Lango la Juu

Mwaka umetimia, Baba yetu Maganga, tangu Jumatatu ile ya Julai 1936 lango la juu lilipofunguliwa nawe ungali chini. Tumeona tukwambie yaliyofuata, na wengine wasikie.

Mfereji ule uliujua kuliko waliouchora. Uliuchimba kwa jembe viangazi vitatu, kutoka ziwani hadi gati la mgodi, ukiimba na wenzako, na ulipokwisha wakakuweka uangalie malango yake mawili. Kila aliyeuliza ulimweleza kwa subira: chombo kinaingia katikati, lango la chini linafungwa, maji yanaachiwa taratibu kutoka juu, chombo kinapanda na mashine za mgodi kilizobeba. Wazee waliokuja kushangaa uliwapa michembe ya mama, viazi vitamu vilivyokaushwa, watafune wakitazama.

Kila Jumatatu, kabla ya chombo cha kwanza, ulishuka kwenye tope kupapasa mawe kwa nyayo, yasije yakazuia lango. Ukitundika shuka yako kwenye mpini wa lango la juu, mfereji mzima ulijua: mtu yuko chini, maji yasiguswe.

Nyapara mpya hakutaka kujua. Siku ile alikuwa akingojea wakubwa kutoka Mwanza.

"Matambara ya nini hapa?" akauliza, akaichomoa shuka na kuitupa majanini.

"Bwana, mwenyewe yuko chini!" Muhidini, nahodha wa mashua, alipiga kelele kutoka ng'ambo.

"Angekuwapo angesema. Fungueni!"

Hata kuchungulia hakuchungulia. Na wageni wenyewe hawakuja.

Kampuni ikaandika kwamba ulishuka bila kuweka alama. Uongo mtupu! Wakamletea mama karatasi: akitia dole gumba kukubali kuwa kosa ni lako, tutabaki kwenye nyumba ya kambini na mwanao Mihayo atapewa kazi yako. Akikataa, tuhame.

"Mume wangu nimemzika," mama akawaambia. "Jina lake siliziki."

Tukahama na vyungu kichwani, hata matanga hatujaanua. Sasa malori yanapita barabara mpya, mfereji umeota mafunjo, na nyapara amepandishwa cheo. Inatuuma, Baba, tusiseme uongo.

Unakumbukwa na mkeo Zipora, wanao Mihayo na Apolonia, mdogo wako Mageni, na Muhidini, ambaye hajaacha kusema alichokiona. Mama ametukataza kuandika kwamba umelala salama, maana hadi leo wanakuita mzembe. Tutakukumbuka mpaka nasi tufukiwe.